Upande wa Pili wa Kaseti ya Baba

Mama Veronica, mshauri wetu wa gazeti, kwanza unisamehe kwa kuchelewa, barua hii niliianza pamba ikiwa na maua na sasa watu wanachuma, kila nikishika kalamu mtoto anaamka au baba anaita, na nikisema kweli hata wasingeniita ningetafuta sababu nyingine. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu, ambaye yuko Lamadi kwenye biashara ya dagaa na huja Jumapili tu amechoka.

Mimi ni mama wa watoto wawili, Precious wa miaka sita na mdogo wake wa miezi minane, naishi hapa Bariadi mjini, elimu yangu ni ya kidato cha nne. Tangu Novemba namuuguza baba yangu, mzee Ngeleja, alipata kiharusi akapooza upande wa kulia, na ulimi umekuwa mzito, maneno yanamtoka moja moja kama mtu anayeokota punje chini.

Baba alikuwa mpiga gitaa. Vijana hawamjui, na wazee wanaomjua wanamcheka. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, kiwanda kilikuwa na bendi yake, halafu fundi mmoja wa kigeni aliyekuja kufunga mitambo akawaachia santuri za roki, baba akazisikiliza mpaka akaziona zile nyimbo za kuchezesha watu Jumamosi hazimtoshi tena. Akatunga kitu kimoja kirefu, nyimbo nane ambazo zote ni hadithi moja, akakiita Ng'ombe Kumi na Mmoja. Ni habari ya mtu wa Mwandoya, mwaka wa ukame, anaswaga ng'ombe wake kumi na mmoja kuwapeleka ziwani kunywa maji. Upande wa kwanza wa kaseti ni kwenda, nyimbo nne, upande wa pili ni kurudi, nyimbo nne, na hakuna kusimama kati ya wimbo na wimbo.

Sasa wewe unajua mashindano ya kwetu baada ya mavuno, vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, watu wenyewe ndio wanaohama, na kikundi kinachobaki na watu ndicho kimeshinda. Baba na wenzake wakaipeleka hadithi yao huko Mwandoya, mwaka 1986, na jenereta ya kiwanda, wakapangiwa kushindana na wacheza ngoma wenye nyoka. Mwanzoni watu walijaa kwa baba kwa ajili ya gitaa la umeme. Lakini wimbo wa tatu una mahali ambapo gitaa linanyamaza kabisa, inabaki ngoma peke yake inatembea polepole kama kwato, dakika tatu nzima, kwa sababu ng'ombe wamechoka hata kulia hawawezi. Kwenye mashindano yetu ukinyamaza umekwisha. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ngeleja, ng'ombe wako wamelala, ngoja na sisi tukalale," uwanja ukacheka, wakahama wote. Mama yangu, marehemu sasa, alikuwa bado msichana, aliniambia wakati nyimbo zinaisha alikuwa amebaki yeye na watu wanaokunja nyaya.

Bendi ikavunjika. Walikuwa wamejirekodi wenyewe kwenye stoo ya kiwanda, zikatoka kaseti kama thelathini hivi, watu wakaziita kaseti za usingizi na wakarekodi mahubiri na nyimbo za harusi juu yake. Baba hakupiga gitaa tena. Alibakiza kaseti moja, akaiweka juu ya kabati.

Hiyo moja, Mama Veronica, niliiharibu mimi.

Ilikuwa 2008, nina miaka kumi na miwili, tunaishi Dutwa, kwaya yetu ya watoto inajiandaa kwa mashindano ya parokia, na mwalimu alisema mwenye redio kaseti nyumbani aturekodi ili tusikie makosa yetu. Sikuwa na kaseti. Baba alikuwa amevunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili mtu asiweze kurekodi, mimi nikatafuna karatasi ya daftari, nikaziba matundu, nikarekodi kwaya upande wote wa pili. Nilijiambia nani atalilia kaseti ya usingizi. Tulishika nafasi ya tatu. Nikatoa karatasi, nikairudisha kaseti kwenye kasha lake, sikuifikiria tena kwa miaka mingi.

Januari baba akanyoosha mkono wa kushoto kuonyesha kabati. Nikaiweka kaseti kwenye redio, nikatoka kufua nepi nje ya dirisha lake. Nilipokuwa mtoto niliona ni kelele ndefu tu. Safari hii nilisikia mtu anahesabu ng'ombe wake kila asubuhi kwa majina, na ukisikiliza vizuri kila ng'ombe ana sauti yake kwenye gitaa. Ilipofika pale pa kimya nikaacha kufua. Sasa nimeshamwinua mtu mzima kitandani siku baada ya siku, nimeshatembea mpaka hospitali na mtoto mgongoni asiye na nguvu hata ya kulia, kwa hiyo zile dakika tatu nilizielewa, nikakaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia. Nilijiuliza inakuwaje watu wazima uwanja mzima hawakusikia, halafu nikakumbuka na mimi sikusikia.

Upande ukaisha, kitufe kikaruka. Baba akaniangalia dirishani, akasema, "Geuza, mayu," yaani mama, ndivyo anavyoniita.

Nikamwambia redio imekata mkanda wake wa kuzungushia kaseti. Kila siku ananiambia geuza, kila siku namwambia fundi hajaja. Daktari amesema kiharusi kinaweza kurudi wakati wowote. Katika wenzake amebaki mzee Mayige, mpiga ngoma, yuko Dutwa, naogopa kumwendea kwa sababu ataniuliza kaseti ilipotea vipi. Nikimwambia baba ukweli naogopa ataondoka na uchungu ule wa uwanjani mara ya pili, tena kutoka kwa mwanaye. Nisipomwambia ataondoka anasubiri fundi. Nifanyeje?

Mama Precious, Bariadi

MAMA VERONICA ANAJIBU

Mama Precious, pole kwa kuuguza, na pole kwa usingizi unaoukosa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekasirika kidogo, kwa hiyo vumilia.

Mtoto aliyetafuna karatasi simgombezi. Alikuta watu wazima wanaicheka kaseti ile, naye akaipima kwa kipimo chao. Ninayemgombeza ni mama wa watoto wawili anayemwambia mgonjwa kwamba fundi hajaja. Mtu aliyepooza hawezi kutoka kwenda kuuliza jirani. Habari zote za dunia zinamfikia kupitia mdomo wako, na wewe tangu Januari unampa uongo pamoja na dawa. Unasema unamlinda. Mimi naona unajilinda wewe usione uso wake.

Umwambie. Iwe asubuhi, akishamaliza uji. Kaa upande wake mzima, sema kwa maneno machache kwamba ulirekodi juu yake ukiwa mtoto, kwamba redio ni nzima na ulimdanganya, kwamba unaomba radhi. Usianze kulia kabla hujamaliza, maana ukilia yeye ndiye atakayehangaika kukubembeleza, na siku hiyo si zamu yake. Akikasirika mwache akasirike. Kazi ile alichekwa nayo mara moja na hakuna aliyemwomba msamaha, sasa angalau mmoja atamwomba. Usimharakishe.

Halafu panda gari uende Dutwa kwa mzee Mayige. Akikuuliza ilipoteaje, mjibu. Umwombe aje.

Na jambo la mwisho. Umeniandikia kurasa tatu kuhusu upande uliofutika, na aliyeutunga amelala chumba cha pili. Yuko hai leo. Chukua daftari ukae karibu naye umuulize hadithi inaishaje, hata kama atakupa neno moja kwa siku. Uanze wiki hii. Daktari ameshakueleza kwa nini.

(Wiki saba baadaye Mama Precious alituandikia tena. Tunachapa barua yake kama ilivyo.)

Mama Veronica, mwangaluka. Nilimwambia Jumatatu baada ya uji. Aligeuza uso ukutani, na siku mbili akakataa kulishwa na mimi, alikubali mkono wa Precious tu. Nilijua umenipotosha kwa ushauri wako. Siku ya tatu akaniashiria niweke kaseti, upande ule ule wa kwaya, akatusikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Akauliza, "Wewe yupi?" Nikamwonyesha sauti yangu, ile inayowatangulia wenzake. Akasema, "Unakimbia." Baadaye akasema, "Andika."

Nimeandika. Wimbo wa tano ulichukua siku tisa, wa sita na wa saba zaidi. Wanarudi kutoka ziwani, na ng'ombe wanapungua njiani, mmoja mmoja, anawataja majina. Mzee Mayige anakuja Jumamosi, anapiga kwenye ndoo yangu ya kufulia, na vidole vya baba vya kushoto vinatafuta nyuzi juu ya shuka. Nilimweleza mzee Mayige ukweli, akaniambia ya kwake alirekodia mahubiri mwaka 1990.

Wimbo wa nane baba alifungua mdomo, halikutoka neno. Tukadhani ni ulimi. Siyo ulimi, Mama Veronica, amesahau. Alilia siku hiyo, sijawahi kumwona analia. Mzee Mayige naye anasema, "Mimi nilikaa nyuma, mayu, maneno yalikuwa mbele."

Kwa hiyo naomba uchapishe hivi, labda kuna msomaji atakayetusaidia. Maneno ya wimbo wa tano, wa sita na wa saba tunayo. Ngoma ya wimbo wa nane tunayo. Tunachoomba kutumiwa ni maneno ya wimbo wa nane, hata ubeti mmoja. Au sauti ya gitaa la wimbo huo, kama kuna mwenye kaseti ambayo hakurekodi kitu juu yake. Na kama hivyo havipo, basi yeyote aliyewahi kuusikia atuambie yule mtu wa Mwandoya alifika nyumbani na ng'ombe wangapi. Baba ananiuliza, na mimi sijui.