Gari Linalovuta Kushoto

Nchelenge, 3 Machi 2025

Mpendwa Tonton Ruffin,

Nakuandikia kuomba ushauri wako wa kifundi kuhusu gari ulilonizawadia nilipohitimu, kwa sababu tangu livuke kutoka kwenu Kongo hadi hapa Zambia linavuta kushoto, na kasoro hiyo inaweza kuninyima kazi. Pokea kwanza salamu zetu. Natumai mgongo wako umepata nafuu na Tantine Angèle hajambo. Sisi huku, Mama na mwanawe, tu wazima. Barua hii inavushwa kwa boti na yule muuza vitenge aitwaye Mimi, kwa kuwa nimearifiwa kwamba simu yako ingali chini ya ziwa.

Hali yenyewe ni hii. Ushirika wa wafanyabiashara wa samaki una magari matatu yaendayo Mansa, na kwa kuwa uvuvi umefunguliwa tena, unatafuta mtu wa kuyatunza. Niliwasilisha maombi pamoja na nakala ya shahada yangu ya uhandisi wa mitambo. Mwenyekiti, Mama Eness, aliisoma yote, akavua miwani, akaniuliza, "Mwanangu, si wewe ninayekuona asubuhi kwenye kile kigari kinachotembea kama kaa?"

Nikakiri. Akasema Jumamosi tarehe 29 ataketi pembeni yangu ndani ya gari kutoka Kashikishi hadi boma, kwenye ofisi za wilaya. Nikiweza kuachia usukani penye barabara iliyonyooka, na gari likashika njia yake, kazi ni yangu.

Nimekwisha kulipeleka Mansa kwenye mashine ya kupimia magurudumu. Walinyoosha magurudumu ya mbele, nami nikarudi nalo likivuta vilevile. Zile boliti za miguu ya mbele, zinazoshikilia magurudumu, ulizozitia rangi nyekundu sikuwaruhusu kuzigusa, kwani najua fundi akitia rangi yake, mwingine hafungui bila idhini yake.

Mwipwa wako mtiifu,
Luse (Shahada ya Uhandisi)


Pweto, 9 Machi 2025

Luse mupwa wangu,

Jambo sana. Sisi huku tuko bazima, mugongo tu njo inanisumbua kidogo. Tantine yako anakusalimia na anauliza kama unakula. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nimeisomea batu ba garage. Bamecheka.

Gari yangu haivute. Nimeiendesha Pweto mpaka Lubumbashi miaka kumi na moja, volant nashika na kidole moja, mukono ingine iko na mukate. Labda wewe unaikamata kama kalamu ya examen. Na ile mashine ya Mansa, iliuliza uzito wako? Paralelisme, kunyoosha magurudumu, haifanywe na gari mutupu. Weka mutu wa uzito wako kwenye kiti yako, simamisha gari pa simenti ya sawasawa, vuta uzi ya nyavu kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, pande zote mbili. Kisha utaona na macho yako.

Na usiweke tena diplome chini ya jina. Ninaijua. Ni mimi nililia siku ile.

Tonton wako,
Ruffin


Nchelenge, 17 Machi 2025

Mpendwa Tonton,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa umesimama wima. Mwambie Tantine ninakula.

Nimetekeleza maagizo yako yote kwenye sakafu ya soko la samaki. Rafiki yangu Thelma aliketi kwenye kiti changu akiwa na beseni la chisense, dagaa wa ziwa letu, mapajani ili atimize uzito wangu. Wauzaji walituzunguka, mmoja akauliza kama gari linashonewa suti. Uzi ulionyesha kwamba magurudumu yanatazama sawa kabisa. Hata hivyo, gari liliendelea kuvuta.

Jana, nikielekea kanisani, barabara ilikuwa tupu, nikahamia upande wa kulia kukwepa mashimo. Nilikwenda hivyo kitambo, kisha nikagundua kwamba mikono yangu ilikuwa mapajani. Gari lilikuwa limenyooka kama mstari wa rula. Fundi Davies, jirani yetu, akapita kwa baiskeli akaniita, "We Luse, umeshafika Kongo? Rudi upande wetu."

Nikasimama pembeni nikacheka peke yangu, na ibada ikanipita.

Tonton, barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Kwenu huendesha kulia, hivyo gari huteremkia kulia, na fundi hodari huliinamisha nje gurudumu la mbele la kushoto kidogo tu, lirudishe gari katikati. Ndivyo ulivyofanya. Hapa tunaendesha kushoto: barabara inavuta kushoto, na gurudumu lako nalo linavuta kushoto. Nilining'iniza risasi ya kuzamishia wavu kwa uzi mbele ya gurudumu, nikaona limeinama.

Kazi yako haina kosa. Imevuka mpaka tu. Naomba ruhusa ya kufungua boliti zako. Ukikataa sitazigusa, hata nikiikosa kazi.

Mwipwa wako,
Luse


Nchelenge, 22 Machi 2025

Mpendwa Tonton,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mimi, muuza vitenge, amerudi leo bila jibu. Anasema uliisoma barua, ukaikunja, ukaenda kulala chini ya lori, na ukakataa chakula. Ikiwa nimekukosea heshima, naomba radhi kwa moyo wote. Boliti sijazigusa. Zimebaki siku saba.

Luse wako


Pweto, 26 Machi 2025

Mupwa wangu,

Tuko bazima. Sikukasirika. Chini ya lori njo mahali yangu ya kufikiria, na chakula ilikuwa matembele, siku ya tatu.

Nilikuwa nahesabu batu. Miaka thelathini naweka magari hivi, na sikuuliza hata mutu moja: unaenda nayo wapi? Bazambia batatu bamenirudilia kusema gari inavuta kushoto. Bote niliwaambia hawajue kukamata volant. Moja alikuwa pasteur wa kanisa.

Fungua boliti, mutoto. Inamisha gurudumu ya kuume, simamisha ya kushoto, kisha rudilia uzi, maana ukigusa kuinama, paralelisme nayo inasogea. Ukimaliza usirudishe rangi yangu. Weka yako.

Mimi wa vitenge anaondoka na boti sasa hivi, anapiga kelele.

Tonton wako,
Ruffin


Nchelenge, 30 Machi 2025

Mpendwa Tonton,

Pokea salamu zangu za furaha, na za Mama, ambaye tangu jana anaimba jikoni.

Barua yako ilifika Ijumaa saa nane mchana. Nilifanya kazi hadi jua likazama, na rangi niliyotia ni ya kijani. Jana Mama Eness aliketi pembeni yangu, mkoba magotini. Tulipopita soko akasema, "Haya, achia." Nikaachia. Alitazama barabara, akatazama mikono yangu, kisha akashika mlango kwa mikono yote miwili, na gari likaenda. "Shika sasa," akasema, "nimeshaamini, usije ukaniua." Mbele ya ofisi ya ushirika aliniuliza nani alinifundisha. Nikakutaja kwa jina.

Nitaanza Jumatatu, Aprili 7. Lakini nimelala chini ya yale magari ya samaki, na nakiri kwamba chuo hakikunifundisha springi za gari linalobebeshwa mara mbili ya uwezo wake. Mama Eness amekubali uje wiki ya kwanza tufanye pamoja, nawe ulipwe kama fundi mkuu. Kazi yangu itakuwa kukupa spana.

Nitakungoja na gari Jumamosi, tarehe 5 Aprili, saa nne kamili asubuhi, kwenye kizuizi cha mpaka, upande wetu.

Mwipwa wako,
Luse