Mahali pa Shimo la Saba

Lubumbashi, Jumapili, baada ya misa

Papa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na goti lako limeacha kukusumbua. Mama anaendeleaje, na kuku wake? Mimi niko salama. Baridi ya huku inauma, asubuhi navaa makoti mawili kwenda kwenye depo ya dawa ninakofanya kazi, na wenzangu wananicheka: "Mutu wa Kisangani anakufa baridi na jua iko inawaka!"

Neema aliniambia kwa simu kwamba vijana wanafyeka kiwanja cha zamani cha golf kule Tshopo, na Jumamosi wewe na mjomba wetu, tonton Saïdi, mtawaonyesha mashimo yote tisa. Nilifurahi hadi nikacheza peke yangu chumbani. Lakini akaongeza kwamba mmegombana juu ya shimo la saba, na hamsalimiani tena. Wewe unasema lilikuwa juu, penye kichuguu. Tonton anasema chini, kando ya mto. Papa, ndugu yake mama anakula kwa jirani badala ya mezani kwako, kwa sababu ya shimo!

Basi nikafungua sanduku, nikatoa daftari zangu za kila siku. Karibu yote yamo. Shimo la kwanza, ambapo mpira ulipaswa kuvuka njia, na ilibidi kwanza kungoja akina mama wenye mabeseni ya majani ya pondu wapite, na kuwasalimu mmoja mmoja. La tatu, la mteremko: mpira ulikimbia hadi kwenye nguo zilizoanikwa majanini, na kanuni yetu ilikuwa usiguse kitenge cha mtu, umwite mwenyewe. La tano, bondeni, ulipopiga mara saba ukatangaza nne. Nisamehe, nimeandika hivyo hivyo. Na kote ngurumo ya maporomoko, iliyotusaidia kutosikia matusi ya tonton.

Sasa la saba. Nanakili Jumapili moja ya mwaka niliomaliza sekondari:

"Leo papa amehamisha bendera ya saba kutoka kwenye kichuguu hadi kando ya mto, hatua arobaini na mbili, nimehesabu. Sababu: Mama Asha amelima pale, na muhogo wake haujakomaa. Tonton amekasirika: 'Shemeji, golf gani hii ya kungojea muhogo?' Papa: 'Bon, muhogo iko na mizizi, bendera haina. Sasa nani ahame?' Tumecheka mpaka mvua ikatufukuza."

Umeona, papa? Mko sahihi wote wawili. Tena wewe ndiye uliyelihamisha, na tonton ndiye aliyekataa! Leo kila mmoja anatetea shimo la mwenzake.

Nakuomba umpelekee tonton barua hii wewe mwenyewe, usimtume Neema. Atacheka sana. Mwache acheke, kisha mrudishe nyumbani ale.

Nisalimie mama, dada yangu Neema na mume wake mwendesha toleka, maana baiskeli yake ndiyo itakayobeba bendera. Nisalimie pia bibi, anayeuliza kila mara kama nimenenepa. Mwambie ndiyo.

Na Jumamosi, kabla hamjachimba la saba, pigeni hodi kwa Mama Asha, mumuulize kama mwaka huu amelima.

Binti yako wa pili,
Riziki