Bunduki ya Kuweka Nyumbani

Jumamosi, 4 Oktoba

Klabu, kama kila Jumamosi. Risasi hamsini, chai mbaya, basi la kurudi Wembley.

Leo nimejaribu ile inayojipakia yenyewe. Zote nilizozoea, unafyatua, unavuta komeo kwa mkono, unafyatua tena. Hii unafyatua tu. Ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Risasi zenyewe vijitu vidogo, unene wa penseli. Mwisho wa ukumbi wamepanga vibati vitano vya chuma, kikipigwa kinalala. Nimelaza viwili nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nataka yangu.

Desmond, kocha wetu, kaniambia nitazame saa ya ukutani kupitia kitundu nilichokiacha kati ya viganja, nifumbe jicho moja moja. Kumbe jicho langu lenye nguvu ni la kushoto. Nauza miwani miaka yote hii na sijawahi kujipima! Anataka nilenge kwa bega la kushoto. Huo ndio mkono ambao Mama alinifunga kwa kipande cha kanga utotoni Pemba, nisiulie chakula wala kuandikia. Nimejaribu. Vibati vitatu.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimesoma habari za bunduki mpaka wali ukashika chini. Mtutu mzito hautikisiki lakini unachosha mkono. Mwepesi unatikisika kila ukivuta pumzi. Nyingine zinakula risasi ya aina yoyote, nyingine zinachagua kama mtoto wa kubembelezwa, na risasi isiyozipendeza inakwama. Halafu tatizo langu: tundu la kutolea ganda liko kulia. Kwa anayelenga kwa kushoto ganda linapita mbele ya uso. Za kushoto zipo, lakini chache, na ni za kuagiza.

Ombi la leseni liko polisi tangu kiangazi. Daktari kaandika, wadhamini wawili wameandika. Kimebaki kimoja. Afisa atakuja kuona kabati la chuma litakaa wapi, na kuzungumza na wanaoishi humu. Wanaoishi humu ni mimi na Mama.

Mama hajui. Anajua Jumamosi nakwenda mazoezini, na mimi nimeliacha hilo neno lilivyo. Askari waliwahi kuingia nyumbani kwetu Pemba, mimi nikiwa nimeshakuja huku kusoma. Hajanisimulia hata siku moja. Sijauliza. Naogopa akisikia bunduki atafunga mizigo ahamie kwa mdogo wangu Thamesmead, na mimi nibaki na kitu changu kizuri ndani ya nyumba isiyo na mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Duka la silaha baada ya kazi. Nilidhani watanishangaa na hijabu yangu. Muuzaji hakushangaa chochote, alikuwa anakula sandwichi. Nimeshika nne. Kitako cha mbao kinapendeza, cha plastiki kinarekebishika. Kimoja unakisogeza mpaka kinakaa shavuni sawasawa. Nimeuliza maswali mpaka sandwichi ikaisha. Kwa nini kifyatulio hiki laini na hiki kigumu? Nani anasafisha masizi ndani ya tundu, na kwa nini? Ametoa vyuma vyote mezani akanionyesha. Raha tupu.

Ya kushoto anayo moja. Ataniwekea mpaka leseni itoke.

Mama kauliza mbona nimechelewa. Nikasema foleni. Nimejichukia kidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Bega la kushoto siku nzima, kwa bunduki ya klabu, ya kulia. Maganda yananirukia. Moja la moto limeniunguza shingo, mengine yamepotelea kwenye mikunjo ya hijabu. Desmond kacheka mpaka kakaa chini. Lakini vibati vyote vitano vimelala, mara mbili mfululizo. Tangu nizaliwe sijawahi kuuamini mkono huu namna ile.

Polisi wamepiga simu. Alhamisi. Lazima nimwambie Mama. Kesho.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikumwambia. Alikuwa anapika mkate wa kumimina, anafurahi. Mwoga mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kazini nikamkuta amekaa mezani jikoni. Mbele yake kisahani, ndani yake ganda la risasi, linang'aa. Alilitoa kwenye mashine ya kufulia, chini ya hijabu yangu.

Hakuuliza ni nini. Aliuliza la nani.

Nikamwambia yote. Klabu, vibati, leseni, afisa wa Alhamisi. Nimezungumza haraka na vibaya. Hakunikatiza. Kisha akasema chakula kiko jikoni, akaenda kuswali Isha, hakutoka tena chumbani.

Jumanne, 14 Oktoba

Salamu tu anajibu. Kisahani bado kipo mezani, hakuna anayekigusa.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo kasema. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia.

"Maganda ya wale askari yalikuwa makubwa," kasema. "Walipoondoka n'likamata ufagio. Uwanja mzima. N'lifagia kabla mdogo wako hajaamka akaja kuyachezea. Yalikuwa bado yana moto, mwanangu."

Nikauliza aliyapeleka wapi. Chooni, akasema. Akaendelea na mchele.

Miaka yote nilidhani anachoogopa ni mlio. Sikujua habari za ufagio. Nimelia bafuni, bomba limefunguliwa.

Baadaye aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kibati kikipigwa kinaanguka au kinabembea. Nikamwambia kinalala. Akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali bei.

Alhamisi, 16 Oktoba

Afisa kaja, mwanamke, mpole, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kaona ndani ya stoo, kabati litakapokaa, kagonga ukuta, karidhika. Kaniuliza kuhusu kazi, usingizi, hasira. Sawa. Kisha akataka kuzungumza na Mama, na kwa kuwa Kiingereza cha Mama ni cha dukani na hospitali, akaniomba nifasiri.

Mama alikuwa amevaa baibui lake jipya. Kaweka kahawa na kashata. Afisa akauliza kama ana wasiwasi wowote bunduki ikikaa humu ndani.

Mama akaangalia mikono yake. "Mwambie mimi sina neno," akasema. "Akipenda mwanangu, nami nimependa."

Mwingereza akisikia hivyo ameshapata ruhusa. Lakini mimi nimelelewa na huyu mama. Hivi ndivyo alivyomwambia shangazi achukue cherehani ambayo Mama aliipenda. Hivi ndivyo alivyokubali kuja London. Kwetu anayetaka kitu hasemi hana neno. Anasema lete.

Kalamu ya afisa ilikuwa inasubiri. Ningefasiri neno kwa neno na nisingekuwa nimesema uongo hata kidogo. Nilimtazama Mama. Alikuwa anasogeza sahani ya kashata karibu na mgeni, kwa mara ya tatu.

Nikafasiri kama alivyosema. Halafu nikaongeza la kwangu, kwamba naondoa ombi. Afisa akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akashukuru, akavaa viatu.

Nina hasira. Sijui na nani. Niliitaka sana ile bunduki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimempigia muuzaji aiuze. Akasema pole. Mama hajauliza kitu. Kisahani kimeoshwa, kimerudi kabatini.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sikutaka kwenda. Mama ndiye aliyenitolea begi la mazoezi chumbani, akaliweka mlangoni.

Desmond hakuhoji sana. Za klabu zipo, akasema, chagua. Nimechagua ya komeo, ya kushoto, ambayo haitumiwi na mtu mwingine. Ni ya polepole. Ganda halitoki mpaka ulitoe wewe. Nililiweka kila moja kwenye kopo, nikapekua hijabu kabla ya kuondoka.

Nimemkuta Mama anatazama televisheni. Akapunguza sauti.

"Umelenga?"

"Nimelenga."

"Umepiga ngapi?"

Nane kati ya kumi, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akauliza zile mbili zimekwenda wapi. Nikasema zimepita pembeni, upande wa kulia, nadhani nilikuwa na haraka.

Akanisogezea nafasi kwenye sofa. Akaniambia Jumamosi nyingine nisifanye haraka.