Nabeba Mawe Kutwa, Mbona Baharini Nazama?

Barani, Malindi
Jumapili, 9 Novemba 1986
Leo ni miaka miwili, miezi minane na siku sita tangu niondoke kwetu Mwingi.

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada kabla sijafa kwa maji au kwa aibu, na sijui kipi kitatangulia. Kwanza shikamoo, maana hapa pwani nimefunzwa kwamba mtu hamwagi shida zake kabla ya kuamkia.

Jina langu ni Kioko na kazi yangu ni kupasua mawe ya kujengea katika timbo moja nje ya mji, tunayapasua kwa sururu na mtaimbo, tunayachonga, kisha tunayapandisha kwa bega hadi juu ambako lori linangoja, na shule niliacha darasa la tano kwa hivyo nikikosea unisamehe, lakini kwa mabega mimi nimehitimu. Sasa kuna hoteli ya watalii imetangaza mashindano ya Jumamosi tarehe 20 Desemba, unaogelea mita mia nne, unatoka majini unapanda baiskeli hadi Gede na kurudi, kisha unaiacha baiskeli unakimbia kilomita tano mchangani, yote mfululizo bila kukaa chini, jambo ambalo kwetu mtu akilifanya kwa hiari yake anapelekwa kwa mganga. Mwenyeji au kibarua atakayetangulia wenzake atapewa baiskeli mpya.

Mama, mimi hiyo baiskeli naitaka kuliko mbingu. Punda wetu alikufa mwaka wa ukame, na tangu hapo mke wangu Jedida ndiye punda, nisamehe kusema hivyo lakini ndivyo ilivyo, anaamka alfajiri anakwenda mtoni, anafukua mchanga mpaka maji yatokee, anarudi na mtungi mgongoni kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Baiskeli inabeba mitungi minne. Nami mwezi wa tisa nikafanya ujinga wa wanaume, nikamwandikia kwamba baiskeli nimeshaipata, iko hapa naipangusa tu. Akajibu: "Nimewaambia watu wote. Mama yako amefagia mahali pa kuiegemeza."

Basi nikaanza mazoezi. Mwalimu wangu ni Joram, msimamizi wetu ambaye tunalala naye chumba kimoja, anasema zamani alikuwa bondia Thika ingawa pua yake imenyooka kama ya bibi harusi. Akaniambia, "Kioko, kazi ni kazi na mazoezi ni mazoezi, usichanganye. Misuli kwanza, pumzi zitafuata zenyewe." Akatengeneza bomba la chuma lenye mkebe wa zege kila upande, na kila jioni nikitoka timboni naliinua mara mia, nachuchumaa nalo mara mia, kisha nameza mayai mabichi manne. Nimefanya hivyo wiki sita. Mashati mawili yamepasuka mabegani. Ya mayai sitaeleza, ila majirani tunaotumia nao choo wameacha kunisalimu.

Wiki jana nikajaribu kukimbia, na kabla sijafika barabarani nikapitwa na mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, tena alikuwa anapiga gumzo na mwenzake. Baharini ndiyo usiulize. Huko nilipelekwa na Mzee Kambi, mgema anayepita timboni, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba kama ufito, amekulia Takaungu na aliogelea kwenye hori lao la bahari kabla hajajua kuvaa suruali. Kila Jumapili ananiazima baiskeli yake, ile kuukuu nyeusi yenye kibebeo cha mbao anayopelekea tembo, mitungi minne na kengele hakuna. Nikaingia majini, nikapiga mikono yangu hii mara tano, nikaenda chini kimya kimya. Akanivuta kwa ukosi wa shati kama mtoto wa paka.

"We mbara," akasema, "umejenga nyumba ya mawe halafu wataka ielee?"

"Mzee, nina nguvu kuliko wewe."

"Naam, unazo. Zimekutangulia chini."

Nikamuuliza yeye anafanya mazoezi gani, maana naye amejiandikisha. Akacheka. "Mazoezi ndiyo nini? Mimi napanda minazi arubaini asubuhi, arubaini jioni." Nikamwambia basi wewe ndiwe bingwa, akasema, "Usinisifu, nitalitia tembo maji." Kisha akaanza kulalamikia ukuta wa jiko lake ulioangushwa na mvua za mwezi wa tano, kana kwamba mimi sikuwa hapo natapika chumvi.

Sasa Joram anasema zege liongezwe, eti nikianza kukimbia kimbia misuli itanyauka nirudi kwetu kama kamba ya kuanikia nguo. Mzee Kambi anasema chuma kitupwe. Mimi nimechoka, Mama, nalala nikiwa nimekaa, mtaimbo juzi uliniponyoka nusura umkate mtu mguu. Niinue au nikimbie? Nifanyeje nishinde? Jibu upesi, maana Jedida nimeshamwandikia kwamba nitashuka Mwingi tarehe 23 Desemba jioni, na baiskeli.

Wako aliyechoka,
Kioko

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Kioko. Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilifunza michezo shule ya wasichana miaka kumi na minne, kwa hivyo umebisha mlango wenyewe. Keti. Unahitaji kuketi kuliko chuma.

Huyo Joram mwambie hivi: mwili haujui kwamba jiwe la mchana ni la tajiri na la jioni ni lako. Kwake yote ni mawe. Wewe unafanya mazoezi ya nguvu kwa muda wa saa tisa kila siku, kisha unarudi nyumbani kuyafanya tena, halafu unashangaa kupitwa na kuni. Nguvu unazo za kumgawia mtu na chenji ikabaki. Ulichokosa ni pumzi na usingizi. Na misuli hainyauki kwa kukimbia mara mbili kwa wiki. Wewe bado utakuwa timboni ukipandisha mawe. Mtu mwingine anayeanza, karani anayekaa kitini, ningemwambia ainue vitu vizito siku mbili kwa wiki ili mgongo na nyonga vikaze. Wewe hizo siku mbili unazo sita.

Kwa hivyo bomba mrudishie mwenyewe leo. Jumanne na Alhamisi jioni kimbia nusu saa, polepole kiasi cha kuweza kusengenya mtu ukiwa njiani. Ukishindwa kuongea, unakimbia kwa kiburi. Jumatano uende majini na Mzee Kambi, si peke yako, na usipite maji ya kifua. Uso ndani, toa pumzi yote ndani ya maji, geuza kichwa uvute nyingine. Unazama kwa sababu unaikamata bahari kama jiwe linalotaka kukuponyoka. Ilegeze mikono, na bahari itakubeba. Jumapili uogelee tena, upumzike, kisha uende Gede kwa baiskeli, na ukishuka tu ukimbie dakika kumi. Miguu itakuwa kama ya kuazima. Izoee hapo, usikutane nayo mara ya kwanza siku ya mashindano. Jumatatu, Ijumaa na Jumamosi ukitoka kazini ulale. Wiki ya mwisho punguza kila kitu nusu. Mayai yapike, majirani wana haki zao.

Na nakuwekea sharti. Jumapili ya tarehe 14 Desemba, kama hutaweza kuogelea mita mia nne bila kusimama, mahali ambapo maji hayakupiti kimo, hushiriki. Jedida amefiwa na punda, hajakuomba umfanye mjane.

Sasa la uchungu. Hutashinda, mwanangu. Utamaliza, na kumaliza ni jambo kubwa, lakini Mzee Kambi atakula ugali, ateremshie na tembo, bado akungoje mwishoni akiwa amekauka. Mtu anayepanda minazi themanini kwa siku ana nguvu na pumzi katika chungu kimoja tangu hujazaliwa. Lakini soma tena barua yako mwenyewe, maana wewe huioni. Huyu mzee akishinda baiskeli mpya, ile kuukuu nyeusi yenye kibebeo cha mitungi minne itafanya nini? Hata asiposhinda, ukuta wa jiko lake umeanguka tangu mwezi wa tano, na amekueleza hilo wewe, mpasua mawe, akakueleza ukiwa hoi huna pa kukimbilia. Watu wa pwani hawaombi kwa kelele. Alikuwa anakuomba.

Nenda kwake Jumatano baada ya kuogelea. Usizunguke. Mwambie, "Mzee, nitakuchongea mawe na kukujengea ukuta wa jiko kabla sijasafiri kwetu, nawe unipe ile baiskeli." Mawe uombe kwa tajiri wako yale yaliyovunjika kona, nasikia hayo huachwa kando. Akikataa, umepoteza pumzi moja tu, na unajifunza kuzitoa.

Kisha mwandikie mkeo leo hii, si kesho, umwambie ukweli wote: hukuwa na baiskeli, ulitamani kuwa nayo, ukaandika tamaa badala ya habari. Atakasirika. Ana haki. Mwache akasirike huko ili akifika stendi kukupokea hasira iwe imepoa. Usimwahidi baiskeli tena. Ukiipata utaifunga mitungi nyuma. Usipoipata, utabeba mitungi mwenyewe kwa mabega yale yale uliyojisifia, na mtoni ni saa mbili tu kwa mtu anayeweza kukimbia.

Malizia hivi: "Nitashuka Mwingi tarehe 23 Desemba, saa kumi jioni. Njoo na mitungi mitupu."