Fedha za Matanga Kwenye Simu ya Twaiba

Mpwa wangu Swabir, salaam nyingi kutoka Munje.

Wengi hukosea wakidhani kwamba asiye na mshahara hana la kuulizwa na watu wa kodi. Dadako Twaiba, muuza samaki, ameitwa aeleze fedha zilizopitia simu yake. Ni michango yetu ya matanga ya jirani yetu Boga. Asipoeleza, zitahesabiwa mapato yake na atatozwa kodi.

“Mjomba, mwingine akifa, changisheni kwa simu zenu!” ameniambia, wala hacheki.

Nastaajabu: serikali imeziona fedha zikiingia, mbona haikuiona sanda? Zahanati yetu haina dawa, nayo haijaiona.

Wewe pia ulichanga kutoka Galu. Mwandikie Twaiba leo kwamba fedha zako zilikuwa za maziko.

Mjombako,
Mwachande