Mstari wa Muuzaji

Mama yangu,

Kabla hujasoma zaidi, nisamehe kwa ukimya huu. Miezi miwili na nusu bila hata mstari mmoja kutoka kwangu, na najua umeshamwambia kila apitaye hapo mlangoni kwamba una binti aliyemezwa na kazi. Ukipiga simu napokea, nasema sijambo, nasema nina haraka. Huko si kuongea, na najua unajua. Nimeona niandike kwa sababu simu yako huisikiliza nyumba nzima, na haya nataka uyasome wewe kwanza, ukiwa umekaa.

Shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka imekusaidia au umeigawa tena kwa majirani? Huku sisi wazima. Kibonge wangu ameota meno mawili ya juu, na sasa anamuuma kila anayemwonyesha mapenzi. Asubuhi namwacha kwa jirani mshonaji, anamkalisha kwenye kapu la vitambaa. Jioni namchukua ana nyuzi kichwa kizima. Nashukuru hata hivyo. Nimechoka, Mama, lakini si uchovu wa ugonjwa, ni wa kusimama kutwa.

Nianze na kazi, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Nilikuambia kwamba hapa yadi mimi ni muuzaji wa magari. Si kweli. Nilikuambia hivyo mwezi wa kwanza nikidhani mwezi wa pili itakuwa kweli, halafu nikaona aibu kurudi nyuma. Kazi yangu ni kuamsha magari. Ndivyo tunavyoita. Kila asubuhi kabla lango halijafunguliwa natoa funguo kwenye ubao, nayawasha yote moja moja, nayaacha yangurume kidogo ili betri zisife, kisha nafuta vumbi. Yako arobaini na kitu. Wenzangu wananiita Jogoo. Mwanzoni niliwauliza tangu lini jogoo akanyonyesha. Wakacheka, jina likaganda.

Kwa kuyaamsha kila siku nimeyajua kama watoto wa nyumba moja. Najua lipi linakohoa, lipi linanuka petroli, lipi mlango wake hadi uuinue kidogo ndipo ufunge. Kwa hiyo wateja huishia kuniuliza mimi. Nawaeleza, wanaridhika, halafu muuzaji ndiye anakuja na kalamu. Muuzaji mkubwa hapa tunamwita Tai, na hadi leo sijui kama ni ile ya shingoni au yule wa angani anayekula mizoga. Hata kalamu yenyewe haitumii sana. Fomu za mauzo najaza mimi kwa kuwa nina mwandiko safi. Kuna mstari pale umeandikwa Muuzaji. Naandika jina la Tai, na kamisheni inakwenda kwa Tai.

Nilimwendea Bosi mara mbili kuomba aniongeze mshahara. Mara ya kwanza alisema tutaona. Mara ya pili Kibonge alikuwa ametoka kuugua kifua, nikamwambia wazi kwamba mshahara wangu unaishia kwenye maziwa na kodi, na kwamba magari saba yaliyotoka mwezi ule, manne wateja niliwaridhisha mimi. Akaninyooshea fomu, akaniuliza jina langu liko wapi. Akasema mbele ya watu kwamba hawezi kumlipa mtu kwa kuwasha na kuzima, eti hata mwanawe wa darasa la tatu anaweza. Tai naye akadakia kwamba Jogoo akipandishwa cheo, nani atawika? Walicheka, Mama. Na mimi nikacheka nao, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi nilipofika nyumbani.

Sasa nifike kwenye lile gari jeupe. Ni gari la mizigo midogo, zuri kwa macho, lakini lilikuwa linakula oili. Ukiliwasha likiwa baridi lilitoa moshi wa buluu hadi ukuta wa nyuma hauonekani. Fundi wa yadi alilitia oili nzito, na Tai akaniagiza kwamba siku akija mteja wake niliamshe saa nzima mapema, lipate moto, limalize moshi kabla mtu hajafika. Nilifanya hivyo mara tatu. Wateja wote watatu wakashindwana bei, wakaondoka. Sikusema kitu. Nilijiambia mimi ni wa kuamsha tu, mambo ya kuuza yana wenyewe.

Mara ya nne mteja alikuwa ndugu yako.

Sikujua kama anakuja siku ile. Alipatana na Tai kwa simu ili anishtukize. Nimeshaliamsha, nafuta vioo, namwona Mjomba anaingia langoni na unga kwenye nyusi, kama aliyetoka kwenye tanuri dakika hiyohiyo. Akanikumbatia, akawatangazia wote kwamba amekuja kwa mpwa wake, muuzaji, amchagulie gari la kusambazia mikate kwa sababu baiskeli imemmaliza mgongo. Nilisubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Tai akasema kweli kabisa, mzee, huyu ndiye muuzaji wetu hodari. Kisha akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba fomu ya leo niandike jina langu, na kamisheni yote iwe yangu, zawadi kutoka kwake kwa kuwa mteja ni damu yangu. Mjomba alikuwa ameshaingia ndani ya lile jeupe, ameshika usukani kwa mikono miwili. Akaniuliza, mwanangu, hili ni zima?

Nilisema ni zima, Mama.

Sina cha kujifichia. Sikutishwa wala sikudanganywa. Nililitaka jina langu kwenye mstari ule, na siku hiyo niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Lile blanketi lililokufikia bila barua lilitoka humo.

Uliponipigia kunieleza kwamba injini imekufa njiani mikate ikiwa ndani, na kwamba mke wa Mjomba haishi kumsema eti aliendesha bila kuangalia oili, nilinyamaza. Ukaniambia Mjomba anaona haya kuongea nami, anaomba nimsamehe kwa kuliharibu gari nililomchagulia. Kuanzia hapo ndipo nikawa na haraka kila ukipiga.

Hakuliharibu. Mwambie mkewe hivyo, na umwambie mbele ya walewale waliomsikia akimsema. Oili aliangalia sana. Gari ndilo lililokuwa linaila.

Wiki iliyopita niliisoma ile fomu, ambayo nimeijaza mara mia bila kuisoma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, inasema muuzaji anathibitisha kwamba ameeleza hali ya gari kwa ukweli. Ikigundulika sivyo, ndani ya siku tisini yadi italitengeneza kwa gharama zake, na muuzaji atawajibika. Hapo ndipo nilipoielewa zawadi ya Tai.

Nikaenda kwa Bosi nikamweleza yote, moshi, oili nzito na kuamsha mapema. Akasema yeye hajaona malalamiko yoyote. Nikafungua faili nimwonyeshe fomu ya Mjomba. Nakala yetu haipo. Tai alikuwa dirishani anapiga mluzi. Bosi akasema basi, bila karatasi hakuna neno. Ila mnunuzi akileta nakala yake pamoja na malalamiko ya maandishi, injini itabadilishwa, na muuzaji aliyetajwa ataondoka siku hiyohiyo. Akaniuliza kama nimesikia vizuri. Nikamwambia nimesikia, na karatasi itakuja.

Tafadhali usianze kuwaza nani azungumze na nani. Nimeshapatana na jirani mshonaji nimsaidie kutia vifungo na kupiga pasi hadi nipate kazi nyingine. Ni pesa ndogo, lakini Kibonge atakuwa palepale kwenye kapu lake, nami nitakuwa karibu naye. Ukasirike, Mama, ni haki yako. Ila ukasirike huku unatafuta vitu ninavyoomba, kwa sababu siku hazitungoji.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani. Nisalimie mke wa Mjomba, hata kama atazikataa salamu zangu. Za Mjomba mwenyewe usimpelekee. Nitakuja kumsalimu kwa mdomo wangu, na atakachosema nitakisikiliza hadi mwisho. Pakaa dawa, usiigawe.

Ni mimi binti yako,
Mama Kibonge

Vya kutuma, vinifikie kabla ya tarehe ishirini na tatu, ndiyo siku ya tisini: Nakala ya fomu ya mauzo, ile ya rangi ya waridi, yenyewe hasa na si kivuli chake. Toeni kivuli mbaki nacho. Funguo zote mbili, hata ule wenye plastiki iliyopasuka. Kadi ya gari. Risiti ya fundi aliyeifungua injini, na kama hakutoa risiti, jina lake na namba yake ya simu. Picha ya injini ikiwa wazi. Na barua ya Mjomba, kwa mkono wake mwenyewe, asimpe mtu amwandikie. Aseme tarehe aliyonunua, aseme kwamba alimuuliza muuzaji kama gari ni zima na muuzaji akajibu ni zima. Mjue atataka kunihurumia, msimwache. Asiandike mpwa wangu. Aandike muuzaji, kisha majina yangu yote matatu.