Kumtoa Ngari Kwenye Baridi

Jumamosi, 1 Februari 2025

Nimefika Norwe. Pua siisikii. Rwamba alinisubiri na koti la ziada, akanivalisha kama mtoto wa nasari. Bado ni yule yule niliyelala naye chumba kimoja hosteli ya chuo kule Nchiru — anacheka kabla hajamaliza kusema. Na mtoto wake! Ngari, miezi mitano, mashavu kama mandazi. Amepewa jina la babu yake marehemu, baba yake Rwamba, kwa hivyo mama yake Rwamba kule Embu humwita "mzee wangu."

Sijamwambia Rwamba nilichotumwa. Mama yake alinikalisha kwake mtaa wa Dallas, pale Embu, akasema, "Kagwiria, uniletee mzee wangu. Huko ni baridi na Rwamba ako peke yake. Nitamlea mpaka asimame." Ng'ombe wa maziwa ameshanunua. Baba wa mtoto alienda zake, basi hakuna wa kunikatalia ila Rwamba. Nina wiki mbili. Nitamleta.

Jumapili, 2 Februari

Watu hawasalimiani! Nimesema hello kwenye ngazi mara nne, nimejibiwa na mbwa. Nyanya anayeishi chini yetu humwaga changarawe kwenye barafu mlangoni, neno hana. Dukani nimebonyeza ndizi kama tunavyofanya soko la Gakoromone, wakaniangalia kama mwizi. Ndizi zenyewe! Mimi ningeona haya kuziuza. Saa kumi na nusu giza.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeona kwa macho yangu. Rwamba amemfunga Ngari blanketi la sufu, akamlaza kwa pram, kigari chake cha kulalia, akaisukuma nje chini ya dirisha, kwenye theluji — akarudi ndani kunywa chai! Minus six! Nimemuuliza kama ana wazimu. Akasema hapa watoto wote hulala hivyo mchana, hata nesi wa kliniki anakubali. Chai imenishinda. Nimesimama dirishani saa moja na nusu.

Mama alisema kweli. Huyu mtoto anarudi na mimi.

Jumatano, 5 Februari

Nimejaribu kumwambia. Nikaanza na ng'ombe. Akasema ni vizuri mama amepata ng'ombe, akaendelea kukunja nguo.

Kesho.

Alhamisi, 6 Februari



Rwamba alienda darasa lake la lugha, akaniachia Ngari amelala nje. Nilivumilia dakika kumi. Nikamtoa, nikamfunga mgongoni kwa leso, koti juu, tukaenda dukani kununua unga. Simu nikaisahau mezani. Pram nikaiacha pale pale — tupu.

Rwamba akarudi mapema.

Nilipopinda kona nilimsikia kabla sijamwona. Na hawa watu wasiosalimu, wote walikuwa nje! Mmoja anachungulia chini ya magari. Yule nyanya wa chini yuko kwenye theluji na soksi tu, anaita "Ngari! Ngari!" Jina la mtoto wanalijua wote. Kumbe kila siku wanamwangalia kutoka madirishani, na mimi nikidhani mlinzi ni mimi peke yangu.

Nikamfungua mgongoni. Rwamba akamchukua. Tulipoingia ndani nikababaika, nikatoa yote: mama yako amenituma nimpeleke nyumbani.

"Na ulikuwa unaanza safari naye leo?"

Nimelia. Naye pia.

Baadaye, Ngari akinyonya, akaniambia. Yeye mwenyewe aliachwa kwa nyanya yake kule Runyenjes hadi darasa la tatu, mama akitafuta maisha. Siku mama alipokuja kumchukua, Rwamba alimwita auntie. Tumejuana miaka kumi na moja na sikuwahi kusikia hilo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempelekea nyanya wa chini chapati tatu. Akanionyesha soksi zake zinakauka juu ya hita, tukacheka kama wendawazimu, lugha hatuna.

Pram nimeisukuma nje mwenyewe leo. Ngari amelala masaa mawili. Sipendi! Lakini amelala.

Nimeamua. Niliyetumwa ni mimi, wa kurudisha jibu ni mimi. Mama akipiga, Rwamba asiguse hiyo simu.

Jumapili, 9 Februari

Mama amepiga akitoka kanisani. Nikaweka loudspeaker, maana Rwamba alikuwa anaosha vyombo na nilitaka asikie kila kitu.

"Mzee wangu ako wapi?"

Nje, nikasema. Kwenye baridi. Nimemweka mimi, Mama, na sirudi naye.

Kelele! Ati nimelishwa nini huku. Ati ng'ombe je! Ati alinituma akidhani nina akili. Nimeyameza yote. Alipotulia nikarudia: sirudi naye, atakaa na mama yake.

Kisha akauliza, sauti ndogo kabisa sijawahi kuisikia kwake, kama Rwamba ameniambia mambo ya ile siku alimwita auntie.

Rwamba akafunga bomba.

Nimemwachia Rwamba simu mezani kati ya vikombe, nimekuja chumbani, mlango nimeurudisha. Naandika haya nikiwa nimetega sikio. Hakuna anayeongea. Dakika ya nne sasa. Hakuna aliyekata simu.